Mjadala: Treni Nyepesi na Waenda kwa Miguu Wapishane Vipi?

Reli nyepesi ni reli ya umeme ya mjini ambayo treni zake huweza kutoka kwenye njia yao wenyewe zikaingia barabarani, zikasimama kwenye taa na kupita mbele ya maduka na shule. Uwezo huo huifanya iwe nafuu kuliko metro ya chini ya ardhi. Uwezo huohuo huzaa suala la kivuko, yaani mahali ambapo mtu anayetembea na behewa la zaidi ya tani 40 hutumia ardhi moja kwa zamu. Panapokuwa na zamu huzuka maswali matatu: nani anampisha mwenzake, anajuaje kwamba zamu yake imefika, na itakuwaje akikosea.

Mfano wenye mafunzo mengi ni wa Los Angeles, Marekani. Njia ya kwanza ya reli nyepesi ya jiji hilo, Blue Line, ambayo siku hizi ni sehemu ya A Line, ilifunguliwa tarehe 14 Julai 1990, na ilipokamilika ilikuwa na urefu wa kilomita 35 hivi hadi Long Beach. Katika ncha zake mbili treni hupita katikati ya barabara za mji kwa kasi isiyozidi kilomita 56 kwa saa. Sehemu ya katikati hufuata njia kongwe ya reli, sambamba na treni za mizigo, na huko treni hufikia kilomita 88 kwa saa. Tangu ifunguliwe, zaidi ya watu 100 wamekufa kwenye njia hiyo, wakiwamo waliojiua.

Mjadala huu unawakutanisha wahusika wanne wa kubuni. Mpanga Miji anatetea vivuko vya usawa wa barabara. Mkazi, ambaye nyumba yake iko kando ya reli, anataka treni ipite juu au chini. Mhandisi anaeleza mitambo inaweza nini, na Dereva anaeleza kinachoonekana kutoka kwenye kioo cha mbele cha treni.

Hoja ya kwanza: ardhi moja au ngazi mbili?

MPANGA MIJI: Reli ya usawa wa barabara hujengwa kwa sehemu ndogo tu ya gharama ya handaki, na kituo chake hufikiwa bila ngazi wala lifti. Mzee akishuka kwenye treni anajikuta tayari yuko kando ya barabara anayoijua. Fedha inayookolewa kwenye nguzo na mahandaki huongeza kilomita za reli, na kila abiria anayeacha gari nyumbani hupunguza magari, ambayo huua waenda kwa miguu wengi kuliko treni. Casablanca imekuwa na tramu tangu Desemba 2012, nayo hupita kwenye barabara zenye maduka na wapita njia. Kuipandisha juu ya nguzo kungewaondolea watu hao faida ya kuwa nayo karibu.

MKAZI: Hesabu hiyo inamhesabu abiria na kumwacha asiyepanda treni. Gharama ya daraja haikufutika. Amebebeshwa mtu anayevuka reli mara nne kwa siku kwenda dukani, shuleni na msikitini au kanisani. Tena haigawanywi sawasawa. Kwenye njia ya Expo ya Los Angeles, iliyofunguliwa Aprili 2012, vituo vya La Cienega na Culver City viko juu ya nguzo, ilhali mbele ya shule ya sekondari ya Dorsey, kusini mwa jiji, reli ilipangwa ipite usawa wa barabara.

MHANDISI: Kabla ya bei na haki kuna umeme. Reli nyepesi nyingi hupokea umeme kwa nyaya za juu, kwa hiyo mtu anaweza kukanyaga reli bila kudhurika. Blue Line ya Lagos, iliyoanza kubeba abiria Septemba 2023, hutumia reli ya tatu yenye umeme iliyolazwa kando ya njia. Hapo kivuko cha miguu kingekuwa hatari mno. Anayetaka kwenda ng'ambo hana budi kupita juu au chini ya njia. Mji ukichagua mfumo wa umeme umeshaamua nusu ya suala la vivuko, miaka kadhaa kabla ya kupaka rangi mstari wa kwanza wa kuvukia.

Hoja ya pili: breki na kasi

MHANDISI: Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo. Hilo huokoa umeme treni inapokwenda, na huigharimu inapotakiwa kusimama. Kwa breki ya kawaida, treni nyepesi hupunguza kasi yake kwa takriban mita 1.3 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Breki ya dharura huongeza sumaku zinazong'ang'ania reli na mchanga unaomwagwa mbele ya magurudumu, na huweza kufika mita 2.5 hivi. Kwa kiwango hicho cha dharura, treni iliyo kwenye kilomita 88 kwa saa husimama baada ya mita 120 hivi. Kwenye kilomita 56, baada ya mita 50 hivi. Na kwenye kilomita 30, baada ya mita 14. Ikiongezwa sekunde moja ya dereva kutambua hatari, masafa hayo huwa karibu mita 144, 64 na 22.

DEREVA: Dereva wa gari ana usukani. Dereva wa treni ana breki, kengele na honi, basi. Akiona mtu ameingia relini mita 80 mbele wakati treni iko kwenye kasi yake ya juu, hana la kufanya litakalozuia mgongano. Aliyebaki na uamuzi ni yule anayevuka. Breki ya dharura nayo ina watu wake: abiria waliosimama huanguka. Kwa hiyo dereva hawezi kuivuta kila mtu anapokaribia reli, na hulazimika kukisia nani anasubiri na nani anaingia.

MKAZI: Basi jibu limeshatolewa. Ikiwa mita 144 hupungua hadi 22 kwa kushusha kasi, kasi ishuke.

MPANGA MIJI: Ikishuka kote, njia haina maana tena. Safari ya Los Angeles hadi Long Beach huchukua karibu saa moja kwa kasi ya sasa. Ikizidi hapo, mwenye gari hurudi kwenye gari lake, na hatari inarudi barabarani na kuongezeka.

MHANDISI: Mwongozo wa alama za barabarani wa Marekani unaweka mpaka ulio wazi. Treni nyepesi ikiwa kwenye njia yake maalumu na kuzidi kilomita 56 kwa saa mahali inapokatiza barabara, kivuko kinapaswa kuwa na taa zinazomweka na mageti yanayoshuka yenyewe. Chini ya kasi hiyo taa za kawaida za barabarani na macho ya dereva vinaweza kutosha. Kwa hiyo kila kasi huja na vifaa vyake, na anayechagua kasi ya juu amekubali pia gharama ya vifaa hivyo.

Hoja ya tatu: onyo linamfikia nani?

MHANDISI: Kivuko chenye taa za kumweka kinatakiwa kutoa onyo la angalau sekunde 20 kabla ya treni kufika. Mwendo wa mtembea kwa miguu unaotumika kupanga muda wa taa ulikuwa mita 1.2 kwa sekunde. Toleo la mwongozo la 2009 liliushusha hadi mita 1.07, kwa kuwa wakazi wa miji wanazidi kuzeeka. Kwa mwendo huo, mita 12 za njia mbili za reli pamoja na nafasi ya usalama pande zote huvukwa kwa sekunde 11 hivi. Mtu wa mita 0.8 kwa sekunde huhitaji sekunde 15. Wote wawili wanatosha ndani ya sekunde 20, endapo wameanza kuvuka kabla ya kengele au mara tu ilipolia.

MKAZI: Hesabu hiyo inadhani onyo limewekwa kwa ajili yake. Geti la kawaida hushuka mbele ya magari, na ncha yake haifiki kwenye njia ya miguu. Mwenye gari amezibiwa, mwenye miguu ameachiwa mwanya. Vivuko vingi vya sehemu ya katikati ya Blue Line ya Los Angeles vilikaa hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Mageti ya waenda kwa miguu yalikuja kuwekwa katika muongo wa 2010.

DEREVA: Onyo refu nalo lina madhara. Pale treni ya mizigo inapopita taratibu kwenye njia ya jirani, kengele hulia kwa dakika kadhaa. Watu husimama, huchungulia, hawaoni kitu karibu, kisha huvuka. Wakifanya hivyo wiki nzima bila kudhurika, kengele hupoteza maana yake, na siku inapolia kwa ajili ya treni ya kasi husikika ileile.

MHANDISI: Ndiyo maana mitambo mizuri hupima kasi ya treni inayokuja na kutoa onyo la muda unaokaribia kulingana, iwe treni ni ya haraka au ya polepole. Kinachomlinda mvukaji ni kuweza kuuamini ule muda.

Hoja ya nne: treni ya pili

Ajali ya kivuko cha njia mbili ina sura inayojirudia. Mtu husimama kama inavyotakiwa na kuipisha treni ya kwanza. Mkia wake ukishapita, huingia relini, na treni ya upande wa pili, ambayo ilifichwa na ile ya kwanza, humkuta katikati. Aliyepatwa hakudharau onyo. Alilitii, kisha akadhani limekwisha.

MHANDISI: Los Angeles ililifanyia jaribio tatizo hilo kwenye kituo cha Vernon cha Blue Line, karibu na mwaka 2000. Iliwekwa alama ya umeme inayowaka pale tu treni mbili zinapokaribia kwa pamoja, ikimwonyesha mvukaji kuwa treni nyingine inakuja. Waliokatiza dakika ya mwisho, sekunde chache mbele ya treni, walipungua. Alama inayowaka mara moja moja husomwa. Inayowaka siku nzima huzoeleka.

MPANGA MIJI: Umbo la kivuko linaweza kufanya kazi hiyo bila umeme. Njia ya miguu hukunjwa mara mbili kwa vizuizi vya mabomba kabla ya kuingia relini, ili anayekwenda kuvuka kwanza atembee sambamba na reli akiutazama upande ambao treni itatokea. Hata aliyeinamisha kichwa hugeuzwa uso kuelekea hatari. Kuna pia geti la kuvuta kwa mkono: anayeingia relini hulivuta kwake, na kitendo hicho humfanya asite kidogo, anayetoka hulisukuma tu, asije akakwama ndani.

DEREVA: Kivuko kilichokunjwa humsaidia dereva pia. Mtu anayetembea sambamba na reli huonekana sura yake, na anayeonekana sura huweza kukisiwa. Anayetokea ghafla nyuma ya kibanda cha tiketi, uzio wa matangazo au basi lililoegeshwa hakisiki.

MKAZI: Vizuizi hivyo huwa kikwazo kwa mama mwenye kigari cha mtoto, kwa anayesukuma baiskeli, kwa aliye kwenye kiti mwendo.

MHANDISI: Huwa kikwazo vikipimwa vibaya. Upana wa mapito lazima utoshee kiti mwendo na kona zake, na geti lazima lifunguke kwa nguvu ya mkono mmoja.

Hoja ya tano: uzio na mguu uliozoea njia

MKAZI: Kama kivuko ni hatari, wapangaji hukimbilia kuweka uzio. Addis Ababa ilifungua reli yake nyepesi Septemba 2015 kwa gharama ya dola milioni 475, nyingi zikiwa mkopo kutoka China. Sehemu kubwa ya njia yake hupita katikati ya barabara pana ikiwa imezungushiwa uzio. Treni ililindwa, lakini mtaa uligawanyika. Aliyekuwa akivuka barabara moja kwa moja kwenda sokoni sasa hutafuta kivuko cha kituo au daraja, na katika mji ambao wengi hutembea kwa miguu, mzunguko huo huwaangukia wengi.

MPANGA MIJI: Bila uzio treni ingeenda kwa mwendo wa mguu.

MHANDISI: Uzio hufanya kazi pale tu mlango wake ulipo karibu na njia ambayo watu walikuwa wakiitumia tangu awali. Ukiwa mbali, watu hukata waya, huinama chini yake au hutembea relini hadi wapate upenyo, na wakishaingia wamo mahali ambapo dereva hatarajii mtu, pasipo kengele wala taa. Hatua ya kwanza ya usanifu inapaswa kuwa kuwahesabu wanaotembea kabla ya reli kuja: wanatoka wapi, wanakwenda wapi, saa ngapi.

DEREVA: Dereva yeyote anazijua sehemu hizo. Tundu la uzio likizibwa Jumatatu na kufunguliwa tena Jumatano, hapo pana kivuko ambacho ramani haijakitambua.

Hoja ya sita: asiyeona, mwenye kiti mwendo, mwenye simu

MHANDISI: Asiyeona huhitaji kuambiwa mambo matatu: kwamba reli iko mbele, kwamba treni inakuja, na kwamba ameshatoka. La kwanza hutolewa na vigae vyenye vinundu vinavyohisiwa kwa mguu au fimbo, vilivyowekwa pande zote mbili mahali pa kusubiri. La pili hutolewa na kengele, kwa sababu treni ya umeme huja kimya kuliko wengi wanavyodhani. La tatu hutolewa na vigae vya ng'ambo. Kwa kiti mwendo tatizo ni mwanya ulio kando ya reli, ambamo ukingo wa gurudumu la treni hupita. Viwango vya Marekani vinaruhusu mwanya usiozidi milimita 64, na milimita 75 pale treni za mizigo zinapopita. Gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo linaweza kunasa humo, hasa njia ya miguu inapokata reli kwa mshazari. Likikata kwa pembe mraba, hatari hupungua sana.

MPANGA MIJI: Kwa wenye simu mkononi, mji wa Augsburg nchini Ujerumani uliweka mwaka 2016 taa nyekundu ardhini kwenye vituo viwili vya tramu, ili anayetazama chini aone onyo palepale anapotazama.

MKAZI: Hatua hiyo ina maana kubwa kuliko taa zenyewe. Mji ulikubali kumpangia mtu kama alivyo, badala ya kungoja abadilike.

MPANGA MIJI: Lakini hata elimu ina kazi yake. Njia mpya inapofunguliwa, mtaa mzima huwa haujui kasi ya treni wala sauti yake. Los Angeles imewatumia madereva wastaafu wa mabasi na treni kusimama kwenye vivuko na kuwaelekeza wapita njia.

DEREVA: Elimu humsaidia mgeni wa kivuko. Wanaogongwa ni pamoja na wenyeji, ambao wanakijua kivuko vizuri kiasi cha kuacha kukiangalia.

Hoja ya saba: nani anaamua?

Mkazi alitaja shule ya Dorsey, na kisa chake kinaonyesha mjadala huu unavyokwisha ukifika kwenye meza rasmi. Reli ya Expo ilipangwa kukata barabara ya Farmdale kando ya shule, kwa usawa wa barabara. Wazazi na wakazi walipinga mbele ya tume ya jimbo la California inayosimamia huduma za umma, ambayo idhini yake huhitajika kwa kila kivuko cha reli. Mwaka 2009 tume ilikataa kivuko kama kilivyoombwa. Mwaka 2010 ikaidhinisha mpango mwingine: kituo kijengwe papo hapo, treni zote zisimame. Kituo cha Farmdale kilifunguliwa Juni 2012.

MKAZI: Watoto walistahili daraja, wakapewa kituo.

MPANGA MIJI: Walipewa kitu bora kuliko daraja. Daraja la miguu lenye ngazi hukwepwa na wanafunzi wenye haraka, wakapita chini yake. Treni inayosimama haipiti kwa kasi mbele ya shule, na wanafunzi wamepata usafiri.

MHANDISI: Kisa hicho kilifichua kasoro ya vipimo. Sera ya vivuko ya mamlaka ya usafiri ya Los Angeles, ya mwaka 2003, ilianza uchambuzi kwa idadi ya magari katika kila mstari wa barabara na idadi ya treni kwa saa. Kwa kipimo hicho, barabara ndogo yenye magari machache huonekana rahisi kwa kivuko cha usawa wa barabara, hata kama mamia ya wanafunzi huivuka kengele ya shule inapolia.

Uamuzi

Wahusika wanne hawakukubaliana kuhusu daraja, lakini hoja zao zinafikia mpangilio mmoja wa kazi. Kwanza wahesabiwe wanaotembea, kwa saa na kwa umri, kabla ya kuhesabu magari. Pili ichaguliwe kasi. Pale treni inapozidi kilomita 56 kwa saa katikati ya watu wengi, hasa watoto, ama ipande, ama ishuke, ama isimame. Tatu vivuko viwekwe kwenye njia ambazo miguu imeshazizoea, vikiwa na uwazi wa kuonana kati ya dereva na mvukaji, mageti yanayofika kwenye njia ya miguu, na onyo maalumu la treni ya pili. Elimu na faini huja mwisho, kusaidia kile ambacho usanifu umeshakifanya.

Blue Line ilianza kwa kasi na magari, na mageti ya waenda kwa miguu yakafuata zaidi ya miaka 20 baadaye. Kwenye Farmdale mpangilio uligeuzwa kabla treni haijaanza kupita, kwa sababu kulikuwa na tume yenye mamlaka ya kusema hapana na wakazi waliopewa nafasi ya kusikilizwa mbele yake. Mji wowote wa Afrika unaopanga reli nyepesi unapaswa kuunda chombo cha namna hiyo kabla ya kuagiza mabehewa.